Vijana Wetu na Ilimu ya Dini za Watu: Tuliyoyaona Dublin

Nchi ya Ireland wengi wetu twaijua kwa ajili ya mapadri na masista wake waliokuja kufungua shule huku kwetu. Masista wa Loreto, kwa mfano, waliingia Kenya 1921. Wakati huo wao ndio waliokuja kutusomesha. Leo wako vijana wetu waendao kuwasoma wao. Tulipokwenda Dublin kumzuru kijana wa ukoo wetu asomaye mila na dini za Waairishi, wazazi kadhaa walitupa amana ya kuulizia: ni ilimu gani hii, na je, yamfaa mtoto wa Kiislamu?

Chuo chenyewe ni University College Dublin, kilichoko Belfield, kusini mwa mji. Humo mna hazina kubwa ya mapokeo ya wenyeji, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za ulimwengu 2017. Sehemu iliyotushika zaidi ni kazi ya watoto. Baina ya 1937 na 1939, tume iliyoundwa kukusanya mapokeo iliwaomba walimu wa shule za msingi wawatume wanafunzi wao kwa wazee, wakaulize habari za dawa za miti, michezo, dalili za mvua, visima vitakatifu na visa vya njaa kuu. Watoto wapatao 50,000, kutoka shule 5,000 hivi, waliandika walivyoambiwa. Hata leo waweza kusoma hati ya mtoto wa miaka kumi na miwili, na chini yake jina la bibi aliyemsimulia na umri wake. Nasi tuliolelewa katika kutaja isnadi tulifurahi kuona kwamba msimulizi hakusahauliwa.

Walikuwa na sababu ya kufanya haraka. Njaa ya 1845 hadi 1852, ulipooza mmea wa viazi, iliua watu kama milioni moja, na wengine milioni moja wakahama. Walioathirika mno walikuwa maskini wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wakisema Kiairishi. Shuleni nako Kiingereza kilitawala. Husimuliwa kwamba mtoto alivishwa kijiti shingoni, kikatiwa alama kila aliposema neno la kwao, kisha alama zikahesabiwa kwa fimbo. Wasomaji wetu waliowahi kuvishwa kibao shuleni kwa kusema lugha ya mama hawahitaji kufasiriwa.

Tukaingia darasani kwa idhini ya mwalimu. Somo lilikuwa visima vitakatifu, ambavyo Ireland vimo kwa maelfu. Watu huvizunguka kwa kuelekea kulia wakisoma dua zao, na pengine hufunga vitambaa katika mti ulio karibu ili maradhi yawaondoke. Kwa mtu wa Pwani picha hii si ngeni. Sisi tumekwisha kupita penye mizimu tukaona vitambaa vyekundu na vyeupe, na tumekwisha kuyakemea hayo mimbarini. Mwalimu hakukemea wala hakusifu. Aliuliza: nani aendaye, siku gani, huacha nini, na yeye mwenyewe husema aenda kwa nini?

Tukiri kwamba kifua kilitubana. Sisi tulisomeshwa kwamba ilimu huishia katika hukumu. Lakini tulipotoka tulimkumbuka Abu Rayhan al-Biruni, aliyejifunza Kisanskriti, kisha mnamo 1030 akaandika kitabu juu ya Wahindi akieleza kwamba hakukusudia kubishana nao, bali kunakili wasemavyo wao kama walivyosema. Naye alikuwa Mwislamu aliyejua alikosimama. Karne iliyofuata ash-Shahrastani akaandika kitabu chake cha mila na madhehebu. Basi mlango huu hawakuufungua Wazungu peke yao, na mwenye kudhani hivyo hajasoma vitabu vya wazee wake.

Kilichotusikitisha ni kingine. Katika sensa ya 1961 Wakatoliki wa nchi ile walikaribia asilimia 95. Katika sensa ya 2022 walikuwa 69. Wajukuu wa watoto wale wa 1937 wasoma maktabani yale ambayo bibi zao waliyafanya jikoni: kusuka msalaba wa matete usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari, siku ya Brigid, na kuacha kitambaa nje ili kipate baraka yake. Wayajua kwa tarehe na kwa ramani. Nyumbani wengi wao hawayafanyi tena.

Na kijana wetu je? Mwalimu alimtaka aeleze siku kama hiyo ya kwao. Akataja Nairuzi, akasema watu huoga baharini, akakwama hapo. Hakujua huhesabiwaje wala masheikh wa Pwani waliikubali au waliikataa kwa hoja gani, ilhali sikukuu za Waairishi alizitaja zote nne za misimu bila kukosea. Tulimwuliza mamake kwa simu, naye hakujua. Bibi yake ndiye aliyejua, akazungumza karibu saa nzima, na kijana akaandika.

Jawabu letu kwa wazazi ni kwamba yafaa, kwa kijana aliyekwisha kuhitimu chuoni kwa mwalimu, aijuaye dini yake kwa dalili, na aliyewahi kukaa na wazee wake akawauliza. Asiye na haya atapata shahada, hilo hatulikatai, lakini atakuwa mgeni pande mbili. Kwa upande wa ibada hana uzito mkubwa: msikiti wa Clonskeagh, uliofunguliwa 1996, si mbali na chuo hicho, na ule wa South Circular Road ulikuwa kanisa kabla ya Waislamu kulinunua jengo. Ajiandae tu kwa mwezi wa Juni, jua lichwapo huko karibu saa nne za usiku, na Alfajiri isikawie baada ya Isha.