Beringi za bawaba ya baiskeli ya kulala

Leo naweka programu kando kidogo, nazungumzia chuma, grisi na gololi. Wale waliokuja kutafuta habari za Linux wanisamehe, wiki ijayo nitarudi huko.

Mjomba wangu alikuwa mgema huku Kombani. Miaka mitatu iliyopita aliteleza juu ya mnazi, akaumia mgongo na nyonga. Siku hizi anatembea kwa mkongojo na anauza madafu pale njia panda, ambapo barabara ya Kwale inaachana na ile ya Likoni kwenda Ukunda. Kukalia tandiko la baiskeli ya kawaida hawezi, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inakula faida yote ya madafu. Lakini miguu ina nguvu. Akiegemea kiti, anaweza kukanyaga pedali vizuri tu.

Ndiyo nikaanza kuunda baiskeli ya kulala, ya magurudumu matatu. Baiskeli za namna hii si kitu kipya. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya mwendo wa saa moja akiwa amejilaza juu ya chombo cha Charles Mochet, akapita kilomita 45. Mwaka uliofuata wakuu wa mashindano wakazipiga marufuku. Mimi nadhani waliona wivu, lakini tuendelee.

Muundo niliouchagua ni ule unaokunjika katikati, kama Python ya Mjerumani Jürgen Mages au Flevobike ya Uholanzi. Gurudumu la mbele, pedali na mnyororo viko kipande kimoja. Kiti na magurudumu mawili ya nyuma viko kipande cha pili. Vipande hivi vinakutana kwenye bawaba chini ya mapaja ya mwendeshaji, naye anageuza chombo kwa miguu. Uzuri wake ni kwamba mnyororo ni mfupi, wa baiskeli ya kawaida, na hauendi nyuma kabisa. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinategemea ile bawaba. Ikikatika kwenye mteremko, mwenye mgongo mbovu ndiye atakayeanguka.

Haya, tupige hesabu. Gurudumu la mbele linabeba kama kilo 45, yaani newtoni 440. Kutoka ekseli yake hadi bawaba ni sentimita 45. Zidisha, unapata msukumo wa kupinda wa kama newtoni-mita 200. Bawaba yangu ina beringi mbili, moja juu na moja chini, zimeachana sentimita 12. Gawanya 200 kwa 0.12: kila beringi inasukumwa kwa newtoni 1,650. Hapo chombo kimesimama. Kikiingia kwenye shimo la barabara ya murram, mimi huzidisha mara tatu kwa tahadhari, ikawa karibu newtoni 5,000. Mzigo wa nusu tani, kwenye kidude cha kuingia mfukoni!

Ona pia kwamba ukizitenganisha beringi sentimita 20 badala ya 12, mzigo unashuka hadi karibu 3,000 bila kununua chochote. Nilitamani sana, ila kiti kimezuia.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii. Beringi ya gurudumu huzunguka, kwa hiyo gololi zake zinazunguka na grisi inasambaa. Beringi ya bawaba haizunguki. Inacheza nyuzi chache kushoto, chache kulia, na muda mwingi imetulia huku ikitikiswa na matuta. Grisi inakamuliwa pale gololi inapogusa, chuma kinasuguana na chuma, na vinachimbika vishimo. Baada ya miezi usukani unaanza "kukwama" katikati. Kama umewahi kuendesha pikipiki ya zamani ambayo usukani unapenda kusimama mahali pamoja, ndicho kitu hicho. Kwa hiyo kwenye jedwali la kiwandani usitazame namba ya mzigo wa kuzunguka. Tazama ya mzigo wa kusimama, ile inayoandikwa C0.

Tukiwa hapo, tarakimu mbili za mwisho za namba ya beringi, kuanzia 04, ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita. 6005 ni milimita 25. (02 na 03 zina mambo yao: 15 na 17.)

Dukani ng'ambo ya feri niliulizia aina tatu. 6202, inayopatikana kila mahali, C0 yake ni kilonewtoni 3.75 hivi. Kwa mzigo wa 5 imeshafeli. 6005 ni kama 6.5, inapita, lakini kwa nafasi ndogo, nami sitaki nafasi ndogo chini ya mjomba. Kisha kuna 32005, ya rola zilizochongoka, aina ambayo Henry Timken aliipatia hataza Marekani mwaka 1898 kwa ajili ya magari ya farasi. Tundu ni milimita 25, nje 47, sawasawa na 6005, imezidi unene tu. C0 yake inapita 30. Sababu ni kwamba gololi inagusa kwa nukta, rola inagusa kwa mstari. Tena hubeba mzigo wa pembeni, na ikilegea unakaza nati, mchezo unakwisha.

Bushi pia nilizifikiria. Za shaba nyeusi zinabeba mzigo huu bila shida, lakini ni nzito kugeuka, na chombo cha namna hii kinatakiwa kijirudishe chenyewe katikati. Nailoni hunywa unyevu na kuvimba, na Pwani unyevu hauna likizo. Nikaziacha.

Kasoro ya 32005 ni kwamba haina kifuniko. Upepo wa chumvi unaingia wazi. Nilikata pete za tyubu ya zamani nikazivalisha juu ya mianya, nikajaza grisi mpaka ikatoka. Na angalieni bandia: duka moja lilinitolea boksi lenye jina kubwa na maandishi yaliyopinda, bei nusu. Kampuni ya SKF ina programu ya simu, unapiga picha beringi na boksi, wao wanakujibu kama ni halisi. Hii ndiyo teknolojia ninayoipenda.

Fundi wangu wa kuchomelea nilimwomba mambo mawili. Kwanza, achomelee bomba lote kabla, ndipo likakerezwe nafasi za beringi, maana moto unapinda duara. Na kamwe asichomelee beringi zikiwa ndani, kwani umeme ukipita kwenye rola unazichoma. Pili, ekseli ishikwe kwa masikio mawili, juu na chini, karibu na beringi. Ikishikwa upande mmoja tu, ule msukumo wa kupinda wote unaingia kwenye chuma cha milimita 25, na chuma laini kitapinda shimo la kwanza.

Juzi nilifungua bawaba baada ya miezi mitano ya safari za kila siku, na mvua zote za masika. Grisi imekuwa nyeusi kidogo upande wa chini. Nilipitisha ukucha ndani ya kikombe, hakuna kishimo hata kimoja. Nikakaza nati robo mzunguko, nikafunga.

Mjomba alikuwa amekaa kando anangoja. "Mpwa wangu," akaniambia, "hiyo bawaba naiamini. Sasa niambie breki."