Tulale Wapi Tukienda Nchi ya Zabibu?

Wengi wetu tukipanga safari huulizana kwanza nauli ni kiasi gani na huko tutaona nini. Swali la pa kulala huachwa mpaka basi linapoingia stendi. Mimi ni muuguzi, na nimejifunza kazini kwamba mgonjwa hupona au huzidiwa kulingana na mahali alipolazwa. Kwa msafiri ni vivyo hivyo. Na kwa familia yetu swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee.

Mume wangu ni mkulima wa pamba hapa Nyasura, Bunda. Kwa miaka mingi alikuwa mnywaji, na nyumba nzima ilionja uchungu wake. Sasa ni mwaka wa nne tangu aache, kwa msaada wa hospitali, wa ndugu wa kanisani, na kwa uamuzi wake mwenyewe. Ameniruhusu niandike haya. Mwaka jana, pamba ilipokwisha kuuzwa, aliniambia, "Mama, tangu tuoane hatujasafiri sisi wawili tu. Nataka nikaone mizabibu ya Dodoma."

Mama mmoja wa kikundi chetu aliposikia alinivuta kando. "Dada, mtu aliyeacha pombe unampeleka kwenye mvinyo?" Aliuliza kwa upendo. Nilimjibu kwamba mzabibu ni mmea kama ulivyo mpamba, na mtu mzima hawezi kufungiwa ndani maisha yake yote. Kwenda tutakwenda. La kufikiria ni usiku tutalala wapi.

JIONI NDIYO YENYE MTIHANI

Hamu ya pombe haiji ovyo. Huja na saa aliyozoea mtu kunywa, na harufu, na muziki, na marafiki wa meza moja. Huja zaidi mwili ukiwa umechoka na tumbo likiwa tupu. Kutoka Bunda hadi Dodoma kwa kupitia Mwanza, Shinyanga na Singida ni zaidi ya kilomita 700. Mtu anafika amechoka, amekula vibaya, na jua linatua. Hapo ndipo kitanda na jirani wa kitanda hicho vinapoamua mambo. Mchana shambani hakunitisha. Kwa mume wangu niliogopa zaidi kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku.

MILANGO MINNE

Wa kwanza ulikuwa wa ndugu. Binamu ya mume wangu anaishi Dodoma, naye alipiga simu mara moja. "Shemeji, mtakujaje mjini kwangu mkalale kwa kulipia? Watu watasemaje?" Ni mtu mkarimu sana, na kwake mgeni hupokelewa kwa chupa mezani. Tena angetuachia kitanda chake, watoto walale sebuleni, na sisi tusipate hata nusu saa ya kuongea wawili.

Wa pili ulikuwa wa gesti za bei nafuu katikati ya mji. Bei ilitufaa, lakini nyingi zina baa chini au ng'ambo ya barabara, na muziki huendelea hadi usiku wa manane.

Wa tatu ulikuwa wa hoteli kubwa. Kuna usafi na ulinzi, lakini bei ni ya watu wa mikutano, na mara nyingi njia ya kwenda kula hupita mbele ya kaunta ya vinywaji.

Wa nne ulikuwa wa hosteli ya kanisa. Chumba ni cha kawaida: vitanda viwili, chandarua, maji, choo ndani, na lango hufungwa mapema. Pombe haiuzwi katika uwanja wao. Nilimweleza mume wangu yote manne bila kumchagulia, kwa kuwa aliyeacha pombe si mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hosteli. Nataka nilale bila kupigana na mtu."

Binamu nilimpigia mwenyewe. "Shemeji, usituelewe vibaya. Tunakuja kwako kula chakula cha mchana na kushinda na watoto. Usiku tuachie, tunahitaji kupumzika." Tulipofika na mfuko wa dagaa na samaki wakavu wa ziwani, moyo wake ulitulia. Kumbe ndugu huumia asipoambiwa mapema, na hukubali akipewa nafasi yake.

TULICHOKIONA SHAMBANI

Kilimo cha zabibu Dodoma kilianzia misheni ya Bihawana, ambako mapadre wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Leo utaikuta Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na Chinangali. Ukame ambao kwa mazao mengine ni adui, kwa mzabibu ni nafuu, maana mvua nyingi huleta ukungu na kuozesha matunda. Na kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali kama Ulaya, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Baada ya kuvuna hukata matawi, na matawi mapya ndiyo yanayozaa.

Mume wangu aliuliza maswali kama mwanafunzi. Sisi pamba tunapanda kila mwaka, na baada ya mavuno lazima maotea yang'olewe na kuchomwa ili kuua wadudu. Mzabibu hubaki kwenye nguzo na nyaya zake, ukaendelea kuzaa mwaka baada ya mwaka. Mwenyeji wetu alipoleta glasi ya kuonja, mume wangu alishukuru akaomba kichala cha zabibu. Hakuna aliyemshangaa.

Jioni tulikaa kibarazani na chai ya tangawizi. Alikuwa kimya, na mikono haikutulia. Sikumhubiria. Palikuwa na ukuta, lango, na mlinzi aliyesikiliza redio yake polepole. Baadaye akasema, "Miaka yote hii kitu hiki nilikijua kwenye chupa. Leo nimekiona mtini." Tukaongea mpaka saa nne, mambo ambayo katika miaka ya pombe hatukuwahi kuyafikia.

KABLA YA KULIPIA CHUMBA

Dada msomaji, hata kama nyumbani kwako hakuna aliyewahi kunywa, uliza kwa simu mambo haya:

1. Je, katika uwanja huo au jirani kuna baa au ukumbi wa muziki?

2. Je, jioni chakula kinapatikana hapo hapo, au mtalazimika kutoka usiku mkiwa na njaa?

3. Je, kuna chandarua kizima, maji ya uhakika, na choo cha karibu?

4. Je, Bunge linakutana? Mkutano wa bajeti huanza Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na vyumba Dodoma huwa adimu na ghali.

5. Je, wewe na mwenzako mmekubaliana, au mmoja amemwamulia mwingine?

Wako watakaosema kulipia kitanda wakati ndugu yupo ni ufujaji. Nawakumbusha yule Msamaria mwema. Alimfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni, akamhudumia, akalipa kutoka mfukoni mwake ili atunzwe zaidi. Hakuna anayemwita mfujaji. Fedha iliyomlinda mtu wako usiku mmoja haikupotea.

Tulirudi Nyasura na vichala viwili ndani ya boksi. Vingi vilipondeka njiani, lakini watoto walikula vilivyobaki. Mume wangu sasa anapanga twende tena, na safari hii swali lake la kwanza limekuwa tutalala wapi.