Ratiba Isiyo na Majina



Wiki hii tumepokea tena ile barua pepe ambayo hutufikia kila mwaka. Mwenye kuituma ni mzee mmoja wa Bloomington, mji wa chuo kikuu ulioko katika jimbo la Indiana nchini Marekani, ambaye alitukirimu sana tulipokuwa masomoni katika jimbo hilo. Mzee huyu si mtu wa maneno mengi. Hutujulia hali, huuliza kama mvua zimenyesha vizuri, kisha huambatanisha ratiba ya msimu ujao wa matamasha na opera katika Shule ya Muziki ya Jacobs ya Chuo Kikuu cha Indiana. Anajua fika kwamba hatutakuwapo. Huituma tu, kama mtu anavyompelekea ndugu yake aliye mbali habari za shamba walilowahi kulilima pamoja.

Miaka iliyotangulia tuliisoma ratiba hiyo, tukakumbuka ya zamani, tukaifunga. Safari hii imetukuta tukiwa na deni moyoni. Ndiyo maana tumeona ni vema tuwashirikishe, ingawa habari yenyewe haitupi sifa.

Yafaa kwanza tueleze hiyo ni shule ya namna gani. Masomo ya muziki katika chuo hicho yalipewa hadhi ya shule kamili mwaka 1921. Mwaka 1947 alifika mkuu mpya, Wilfred Bain, aliyeiongoza shule hadi mwaka 1973, na katika miaka yake opera ikawa moyo wa mafunzo. Mwaka 1948 wanafunzi waliimba The Tales of Hoffmann ya Offenbach. Mwaka 1949 waliimba Parsifal ya Wagner, kazi ndefu na nzito, na kwa miaka mingi iliyofuata ikawa desturi yao kuiimba majira ya Jumapili ya Matawi. Tarehe 21 Februari 1952 ndipo ilipoimbwa jukwaani kwa mara ya kwanza duniani Amahl and the Night Visitors ya Menotti, habari ya mtoto mlemavu anayepokea Mamajusi nyumbani kwa mama yake maskini. Menotti alikuwa ameitunga kwa ajili ya televisheni, nayo ilikuwa imeonyeshwa mkesha wa Noeli wa mwaka 1951. Jukwaa lake la kwanza likawa la chuo hicho. Mwaka 1972 lilifunguliwa jumba la opera lenye viti zaidi ya 1,400, na mwaka 2005 shule ilipewa jina la familia ya Jacobs, iliyoipatia zawadi ya dola milioni 40.6. Leo ina wanafunzi wapatao 1,600, na kwa mwaka mmoja hufanya maonyesho zaidi ya 1,100, mengi yao bila kiingilio.

Huenda wapo miongoni mwetu wasiowahi kuona opera. Ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yote, au karibu yote, huimbwa. Okestra hukaa katika shimo lililo mbele ya jukwaa, na mwimbaji hana kipaza sauti. Sauti yake peke yake yapaswa kupita juu ya vinanda vya nyuzi na tarumbeta zote hizo, imfikie aliyeketi kiti cha mwisho. Wataalamu wanatueleza kwamba mwimbaji aliyefundishwa vema hujifunza kukusanya nguvu ya sauti yake karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu sana, na hivyo husikika bila kupiga kelele. Jambo hilo halipatikani kwa mwezi mmoja. Sauti ya mwanadamu hukomaa polepole, na sauti nzito zinazofaa opera za Wagner mara nyingi hukomaa baada ya umri wa miaka thelathini. Ndiyo sababu shule za vyuo vikuu humpenda Mozart, ambaye kazi zake humjenga kijana bila kumvunja.

Tunakumbuka usiku wetu wa kwanza katika jumba lile. Mzee wetu alikuwa amenunua tiketi mbili za opera mojawapo ya Mozart, nasi tulikwenda zaidi kwa heshima yake kuliko kwa hamu. Pazia lilipofunguka, tulimtambua msichana aliyekuwa jukwaani. Mchana ule ule alikuwa ametuuzia kahawa katika mgahawa wa wanafunzi! Alipoanza kuimba, sauti yake ilitetemeka. Hata sisi tusiojua opera tulisikia. Tulijikunja kitini kwa kumwonea haya, tukatazama kushoto na kulia, tukidhani watu wataguna. Hakuguna mtu. Yule mzee alituinamia akanong'ona, "Mwache, Padre. Anakuja." Na kweli, alikuja. Sehemu ya pili ilipoanza, sauti ile ilisimama imara, na wimbo wake ulipokwisha watu walipiga makofi kwa muda mrefu.

Njiani tukirudi, mzee alitueleza kwamba kila opera pale hupewa vikundi viwili vya waimbaji wakuu. Kundi moja likiimba leo, jingine huimba kesho, ili wanafunzi wengi zaidi wapate nafasi. Tulimwuliza kama si afadhali kuchagua walio bora na kuwaacha waimbe siku zote. Alicheka. "Padre," alisema, "hilo lingekuwa jumba la opera. Hili ni shule."

Sasa tuje kwenye deni letu.

Parokiani kwetu yupo binti mmoja, mwanakwaya wa sauti ya kwanza, mpole, mwenye sauti safi kama maji ya chemchemi. Mwaka jana Baba Askofu alipokuwa anakuja kutoa Kipaimara, mwalimu wa kwaya alipendekeza binti huyo aimbe wimbo wa katikati. Tukakubali. Binti aliambiwa siku ya Alhamisi. Jumamosi jioni tulipita kanisani wakati wa mazoezi, tukamsikia akitetemeka. Hatukusema naye. Tulimwita mwalimu kando, tukamwambia amweke mtu mwingine, mzoefu, kutoka parokia ya jirani. Jumapili mambo yalikwenda vizuri, Baba Askofu aliisifu kwaya, nasi tuliridhika. Binti hakulalamika. Baada ya majuma mawili matatu hatukumwona tena kwenye benchi la kwaya, nasi tulijiambia kwamba vijana wa siku hizi hawadumu katika jambo.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo moyoni tulipofungua barua ya Bloomington. Tuliisoma ratiba kama kawaida: jina la opera, mtunzi, tarehe, saa, tamasha la okestra, tarehe, saa, kwaya, tarehe, saa. Ndipo tulipoona jambo ambalo miaka yote lilikuwa mbele ya macho yetu. Hakuna majina ya waimbaji.

Wapendwa, tafakarini jambo hilo. Majumba makubwa ya opera duniani hutangaza msimu kwa kutanguliza majina. Watu hununua tiketi kwa sababu fulani ndiye atakayeimba. Shule ya chuo kikuu hutangaza tarehe kabla ya kujua nani ataimba. Majaribio ya sauti bado. Wengine watakaosimama jukwaani wakati wa masika bado wanajifunza kupumua vizuri. Hata hivyo tarehe imekwisha kuandikwa, tiketi zinauzwa, na wazee kama rafiki yetu wanaweka alama kwenye kalenda zao. Mji mzima unamwahidi kijana asiyejulikana kwamba siku hiyo utakuja kumsikiliza. Na huyo kijana, akishapewa nafasi, anajua kwamba anasubiriwa.

Mara nyingi sisi hufanya kinyume. Humngoja mtu awe tayari ndipo tumpe nafasi, tukisahau kwamba ni nafasi ndiyo imfanyayo mtu kuwa tayari. Tunataka kuvuna katika shamba ambalo tumekataa kulipanda.

Pengine mtatuuliza: je, ibada ni mahali pa kujaribia? Askofu akija, si haki tumpe kilicho bora? Swali hilo ni la haki, nasi ndilo tulilojitetea nalo mwanzoni. Lakini ratiba ile ilitunyang'anya utetezi huo. Kule Bloomington hawamwachi mwanafunzi apande jukwaani kwa huruma tu. Kati ya siku anayopewa nafasi na siku ya onyesho kuna majuma mengi ya kazi: mwalimu wake wa sauti hukaa naye peke yake, mpiga piano humpitisha katika kila mstari, lugha ya kigeni huchambuliwa neno kwa neno, kisha huja mazoezi ya jukwaani, ya mavazi, na ya okestra. Imani yao kwake inabebwa na jasho lao wenyewe. Sisi tulimpa binti yetu siku tatu. Hatukumpa mwalimu wa kukaa naye, hatukumpa hata neno moja la kumtia moyo, na alipotetemeka tulimhukumu yeye. Kosa lilikuwa letu tangu siku ya Alhamisi.

Tumemkumbuka pia Camilla Williams, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1919. Mwaka 1946, wakati ambapo milango mingi ilikuwa imefungwa kwa watu wa rangi yake, New York City Opera ilimpa nafasi ya kuimba Madama Butterfly, naye akawa mwanamke wa kwanza wa asili yake kupata mkataba wa kudumu na kampuni kubwa ya opera nchini humo. Mwaka 1977 aliingia katika shule hiyo ya Bloomington, akawa profesa wa kwanza wa uimbaji mwenye asili ya Afrika. Aliyefunguliwa mlango akageuka kuwa mwenye kuwafungulia wengine.

Ipo opera moja ambayo shule za muziki huipenda kwa sababu ina nafasi nyingi za sauti za wanawake, na wanafunzi wa sauti hizo ndio wengi. Ni Dialogues des Carmélites ya Poulenc, iliyoimbwa mara ya kwanza Milano mwaka 1957. Inasimulia watawa 16 Wakarmeli wa Compiègne waliouawa mjini Paris tarehe 17 Julai 1794, ambao Papa Fransisko aliwaandika katika orodha ya watakatifu mwezi Desemba mwaka 2024. Mhusika mkuu wake, Blanche, hakuwamo katika historia yenyewe. Alibuniwa na mwandishi Gertrud von le Fort katika hadithi yake ya mwaka 1931. Blanche ni msichana mwoga. Huogopa kivuli, huogopa kelele, na saa ya hatari inapofika hukimbia utawani. Mwishoni watawa wanakwenda kuuawa wakiimba, na kila mmoja anapokufa, sauti moja inapungua katika kwaya. Imebaki sauti moja tu ndipo Blanche anapotokea katikati ya umati, kwa hiari yake, naye anaupokea wimbo. Yule aliyetetemeka kuliko wote ndiye anayeimba wa mwisho.

Tumewaza: kama Blanche angekuwa parokiani kwetu, tungekuwa tumekwisha kumwondoa tangu Jumamosi.

Basi, juzi tulifunga safari hadi nyumbani kwa binti yule. Tulimkuta akichambua mchele uani na mama yake. Mama alitutolea kiti, tukaketi. Tulimwomba binti msamaha, mbele ya mama yake, kwa sababu aibu aliyoipata hakuipata faraghani. Alinyamaza kwa muda, mikono ingali katika ungo. Kisha alisema, "Baba, mimi sikujua ni wewe. Nilidhani mwalimu ndiye aliyenikataa." Maneno hayo yalituchoma. Kumbe kwa miezi yote hiyo mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amebeba lawama isiyo yake, naye hakututaja! Kwake pia tulikwenda, jioni ile ile.

Tulimwuliza binti kama angekubali kurudi na kuimba wimbo wa katikati. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema, "Nitafikiri, Baba." Ana haki ya kufikiri, nasi hatukumbembeleza zaidi.

Hata hivyo, tukishirikiana na mwalimu na viongozi wa Halmashauri ya Walei, tumepanga ratiba ya waimbaji wa wimbo wa katikati kwa miezi minne ijayo. Kila Jumapili itakuwa na waimbaji wawili, mmoja Misa ya kwanza na mwingine Misa ya pili. Kila mmoja atajua zamu yake majuma sita kabla, na mwalimu atakaa naye peke yake kila juma. Mama mmoja aliyewahi kufundisha muziki chuoni amejitolea kumsaidia. Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa kanisa, upande wa sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Tarehe zote zimeandikwa, na nafasi nyingi za majina bado ziko wazi.

Atakayetetemeka siku ya zamu yake, tunawaomba jambo moja tu: msigeuze shingo kumtazama, wala msigune. Mwacheni. Anakuja.