Tunda Lililobaki

Mama yangu hakupata kusoma, lakini somo langu la kwanza la hesabu nililipata kwake, katika soko la Lushoto, tulikoteremka alfajiri na kapu la peasi huku ukungu ukiwa bado umeifunika milima ya Usambara. Matunda yake aliyapanga mafungu ya matano matano au ya sita sita. Yakiwa 30, mafungu yalitimia kwa namna zote mbili. Yakiwa 31, kwa namna zote mbili lilibaki moja, nalo alinipa mimi.

Baadaye shuleni nilifundishwa kwamba namba kama 31, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa. Tasa ni asiyezaa. Hata hivyo, ndugu msomaji, namba hizo ndizo wazazi wa nyingine zote. Maana kila namba kamili iliyozidi 1, kama si tasa yenyewe, imetokana na kuzidishwa kwa namba tasa, na ukoo wake ni mmoja tu.

Tulimzika mama tarehe 21 Agosti 2022. Siku mbili baadaye karani wa sensa alipiga hodi, akauliza ni nani waliolala katika kaya yetu usiku wa kuamkia siku ile. Niliwataja wote, pamoja na ndugu waliokuja matangani. Ulimi ulitaka kumtaja na yeye, nikauzuia.

Tarehe 31 Oktoba mwaka ule, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Dodoma kwamba nchi yetu ilikuwa na watu 61,741,120. Usiku nilishika kalamu nikaitafuta nasaba ya namba hiyo. Niliigawa kwa 2 mara sita, kisha kwa 5, kwa 7 na kwa 43, ikasalia 641, ambayo ni tasa. Taifa zima, basi, lingeweza kupangwa mafungu ya watu saba saba, asibaki hata mmoja.

Ndipo nikamwongeza mama: 61,741,121. Nikigawa kwa 2, baki 1. Kwa 5, baki 1. Kwa 7, kwa 43, kwa 641, baki 1. Ndiyo kanuni: namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika ila 1. Aghalabu husemwa kwamba katika mamilioni mtu mmoja si kitu. Hesabu yakanusha: akizidi mmoja au akipungua, nasaba yote ya jumla hugeuka.

Wenye kupanga maendeleo huihitaji jumla, nao wana haki; pasipo jumla, shule na zahanati hazitajengwa mahali panapostahili. Lakini mimi nililelewa na mabaki. Katika soko la Lushoto, tunda lililokosa fungu halikutupwa. Lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa amekaa kando ya mama yake, akilingoja.