Jengo la Umma na Jua la Mweru

Mimi ni mwashi. Hapa Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, najenga madarasa, zahanati na nyumba za walimu, na uashi nilijifunzia ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mjadala wa sura ya taifa katika majengo huachiwa wasanifu wa miji mikubwa, nasi tunaoshika mwiko na timazi hatuulizwi. Leo nasema ninayoyajua.

Mwalimu aliyenifundisha kusoma ramani alipenda kutuonyesha picha za Ankara. Uturuki ilipoufanya mji ule kuwa makao makuu, Oktoba 1923, majengo ya dola jipya yalikuwa bado kusimama. Vedat Tek, aliyesomea Paris, na Kemaleddin, aliyesomea Berlin, wakayapa matao yaliyochongoka, vigae vya rangi na mapaa yenye pindo pana, ili kila apitaye ajue hii ni jamhuri ya Waturuki. Hoteli ya Ankara Palas, iliyokamilika 1928, ina kuba juu ya lango lake. Lakini nyuma ya urembo ule mna zege na mpangilio wa Ulaya, na baada ya miaka michache tu serikali iliuacha mtindo huo ikawaita wasanifu wa kigeni. Bunge lao la leo lilichorwa na Clemens Holzmeister wa Austria.

Nawaheshimu Vedat Tek na Kemaleddin. Waliamini kwamba majengo ya umma yanastahili kujengwa kwa fahari.

Zambia nayo ilijaribu. Bunge letu la Lusaka, la 1967, limevishwa shaba, na shaba ile inatugusa sisi wa mkoa huu wa Luapula, kwa maana wazee wetu waliondoka bondeni humu kwenda migodini Katanga na Ukanda wa Shaba. Hata hivyo, jengo linalonifundisha zaidi ni soko la Kariakoo, Dar es Salaam, alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli ya zege. Muuzaji anapata kivuli, hewa inapita, na hakuna pambo lililobandikwa ukutani kumwambia mtu kwamba yuko Afrika.

Sasa njoo huku. Ramani tunazoletewa zimechorwa mbali, na ni zilezile kwa mkoa wa baridi na kwa ufukwe huu wenye joto. Ziwa liko magharibi yetu. Ukielekeza madirisha ziwani, kama wakubwa wanavyopenda, kuanzia saa nane mchana jua linaingia moja kwa moja, na mwako wa maji unaliongezea ukali. Nimejenga zahanati ya namna hiyo kama ramani ilivyoagiza: pindo la paa fupi, baraza hakuna. Akina mama wanasubiri kupimiwa watoto wakiwa wameegemea ukuta unaounguza, na masika mvua inapiga hadi chini ya ukuta na kula matofali.

Kila kijiji hapa kina insaka, paa la nyasi lisilo na kuta, mahali pa kuketi, kula na kuamua mambo. Mzee aliyeijenga alijua jua linatoka wapi na mvua inapigia upande gani. Hiyo ndiyo sura ya taifa ninayoitaka katika zahanati: ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, pindo lizidi ukuta kwa mita moja, baraza liwe pana kiasi cha watu kukaa, na matofali yafyatuliwe kwa udongo wa kichuguu chetu na kuchomwa.

Mwaka 2022 mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la uchaguzi, CDF, ulipanda kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7. Fedha za kujenga sasa zinafika wilayani. Madiwani na wahandisi wetu, kabla ya kupitisha ramani ya zahanati inayofuata, kaeni kwanza kwenye kiwanja chake saa tisa alasiri, pamoja na mwashi atakayeijenga na akina mama watakaoitumia.