Chuma Kilicholala Miaka 26 Bandani Mkomaindo: Dogo Afungua Tangi, Akuta Siri ya Familia

Kuna watu wanafufua pikipiki za zamani ili wapige nazo picha. Dogo wa stori hii alikuwa na njaa.

Ni dogo wa Mkomaindo, pale Masasi, ana miaka 24. Alikuwa bodaboda wa mkataba. Kama huijui mikataba hii, ipo hivi: tajiri anakupa chombo, unampelekea hesabu kila siku, muda ukiisha chombo kinakuwa chako. Dogo alibakiza wiki sita tu. Akashikwa na malaria, akalala siku nne, hesabu ikapita. Siku ya tano anaamka, chombo hakipo. Tajiri kakichukua, mkataba umevunjika. Mwaka mzima wa jua na vumbi umekwenda hivyo.

Ndo akakumbuka ile pikipiki iliyokuwa kwenye banda la kuku.

Ilikuwepo tangu hajazaliwa. Honda CG125 ya mjomba wake, kaka wa mama. Kuku wametagia juu ya kiti chake vizazi na vizazi. Tairi zimeoza, mnyororo umekuwa kipande kimoja cha kutu, taa ya mbele haina kioo. Wadogo zake walikuwa wanaipanda kuchezea "dereva dereva" mpaka mama akiwaona. Akiwaona, wanashuka wenyewe.

Maana mle ndani hiyo pikipiki ilikuwa haizungumzwi. Mama na mjomba wanaishi mtaa mmoja, nyumba zinatazamana, ila salamu yao ni ya msibani. Mama akipika, sahani ya kaka yake inapelekwa na mtoto. Yeye mwenyewe havuki ile njia.

Na elewa, kule kusini, kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, mjomba sio ndugu wa kupita. Toka zamani watoto wa dada ni wa kwake. Sasa dada na kaka wasipoongea, nyumba nzima inaishi kama imeshikilia pumzi.

Dogo akamfuata mama. Mama hakugeuka hata kumtazama, alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. "Kauze kwa kilo," akasema. "Chuma chakavu wanapita kila siku."

Akamfuata mjomba. Mzee macho yameshaanza kufa, muda mwingi anakaa kwenye kigoda barazani. "Chukua, mpwa wangu. Mimi sina kazi nayo." Halafu akaongeza, kama mtu anayeongea peke yake, "Ukiitengeneza, usinipakize."

Muuza chuma chakavu akaja na mizani. Akaitazama, akataja hela ambayo haifiki hata hesabu ya wiki moja. Dogo akakataa. Sio kwamba alikuwa na mapenzi na vitu vya zamani. Hela ilikuwa ndogo tu.

Babu wa bodaboda zote

Akaenda kwa fundi mmoja mzee, kijiwe chake kipo chini ya mwembe, sio mbali na stendi. Fundi kusikia "CG125" akaacha spana chini.

"Unajua kwamba ulikuwa unaendesha mjukuu wake?"

Na ni kweli. Honda walianza kuitengeneza CG125 mwaka 1976, na waliilenga nchi kama zetu: barabara mbovu, mafuta machafu, mwenye chombo anayebadilisha oili akikumbuka. Ndo maana injini yake wakaifanya rahisi, vyuma vichache, na valvu zinasukumwa na fimbo badala ya mnyororo wa ndani unaotaka kukazwa kila mara. Silinda moja, sisi 124. Baadaye viwanda vya China vikaiiga injini ile ile, na hizo ndo pikipiki nyingi zilizojaa vijiweni leo, kuanzia Masasi mpaka Kariakoo. Majina ubavuni tofauti, ukoo mmoja.

Dogo akafurahi, akaona spea zote anazo mtaani. Fundi akacheka. "Subiri. Babu na mjukuu damu moja, ila meno tofauti."

Kumfufua babu

Injini ilikuwa imekwama. Ukipiga kiki, pedali inasimama kama umekanyaga mwamba. Fundi akamkataza kutumia nguvu. Wakatoa plagi, wakamimina kwenye tundu lake dizeli iliyochanganywa na oili, wakaiacha siku tatu. Siku ya nne wakaweka gia ya juu, wakawa wanalisukuma tairi la nyuma mbele kidogo, nyuma kidogo, kama unambembeleza mtoto. Mara injini ikatoa sauti ya "kwich", ikazunguka. Dogo alipiga kelele mpaka abiria wa Noah wakageuka.

Kabureta ikalala kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Vitundu vyake vikazibuliwa kwa uzi mmoja wa waya wa simu, maana ukiingiza msumari umeshaviharibu. Breki shuu, mnyororo na plagi vikatoka duka la spea za bodaboda, vikaingia. Plagi ni ile ile ya D8, babu na mjukuu wanavaa saizi moja.

Shida ikaja kwenye umeme. Dogo alikuwa ameshanunua koili na kile kiboksi cheusi cha bodaboda, hela ya kukopa. Fundi akamrudishia mkononi. "Hizi za mwanzo ni volti 6, zinatumia pointi. Ukifunga hivyo vya volti 12 unajisumbua." Pointi ni vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka, na vikiachana ndo plagi inapiga cheche. Za babu zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Wakazisugua kwa msasa laini, wakapima nafasi yake kwa kadi ya vocha, maana inakaribia ile inayotakiwa.

Bado. Kiki mia, cheche hakuna.

Mstari ndani ya tangi

Kabla ya kurudi kwenye umeme, fundi akamwambia asafishe tangi. Dogo akafungua kifuniko, akamulika na tochi ya simu. Akaona kitu.

Nusu ya juu ya tangi ilikuwa na kutu nyekundu. Nusu ya chini haikuwa na kutu ile, ilikuwa na utando mweusi unaonata kama lami, na harufu kama ya rangi ya mafuta. Katikati yake mstari umenyooka, kama alama ya maji kwenye ukuta baada ya mafuriko.

"Hiyo ni petroli iliyokufa," fundi akasema. "Chuma kilicho juu ya mafuta kinapata hewa, kinaota kutu. Chini mafuta yanakilinda, halafu yanakauka taratibu yanabaki gundi. Huo mstari ndo kipimo cha mafuta siku ilipoegeshwa. Nusu tangi."

Dogo akakaa chini.

Kwa sababu stori ya familia anaijua, ingawa hakuna aliyewahi kumkalisha akamsimulia. Ameiokota vipande vipande kwa mashangazi na majirani. Miaka 26 nyuma, familia ikiwa bado kijijini, njia ya kwenda Newala, mama alishikwa na uchungu usiku. Mimba ya kwanza. Mjomba akampakia kwenye pikipiki kumwahisha hospitali, Masasi mjini. Njiani ikazima. Njia ya mchanga, giza, hakuna nyumba. Walipofika Mkomaindo, kwa baiskeli ya kusukuma, kulikuwa kumekucha. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Na ilikuwa msimu wa korosho, msimu wa uraka, ile pombe ya mabibo. Mjomba alikuwa ananuka. Ikajulikana hivyo: kanywea hela ya mafuta, pikipiki imeishiwa njiani. Miaka 26 mama anaamini hivyo.

Sasa tangi linasema lilikuwa na mafuta nusu.

Waya

Usiku ule dogo hakulala. Asubuhi akarudi kwenye umeme, akafuata waya mmoja mmoja. Kuna waya unaotoka kwenye injini kwenda kwenye koili, unapita chini ya tangi, na pale umebanwa kwenye fremu na kibanio cha bati. Kwa nje mzima kabisa, ganda halina hata mkwaruzo. Lakini alipoukunja, ukakunjika kirahisi mno, kama mrija wa soda.

Akalichana ganda kwa wembe. Ndani shaba ilikuwa imekatika. Ncha mbili, nyeusi, zimeachana kama unene wa punje ya mchele.

Akampelekea fundi. Mzee akavaa miwani, akautazama muda mrefu.

"Panya?"

"Panya angekula ganda kwanza. Huu umechoshwa na mtetemo, pale pale kwenye kibanio. Na waya wa pikipiki iliyosimama hauchoki, kijana. Huu ulikatika chombo kinatembea." Akaurudisha. "Mchana, mimi mwenyewe, ningeutafuta saa nzima. Usiku porini hata angekuwa malaika asingeuona."

Wakaunga waya mpya. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, moshi. Ya tatu babu akaunguruma, sauti nzito ya polepole, sio hii ya makelele ya sasa hivi.

Dogo hakushangilia. Alikuwa na swali.

"Haikukohoa"

Jioni akamkuta mjomba kwenye kigoda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimeisikia. Imewaka."

"Mjomba, nisamehe kwa kuuliza. Usiku ule, ilizima vipi?"

Mzee akanyamaza mpaka dogo akadhani hatajibu.

"Kama taa. Ghafla. Haikukohoa."

Ukiwa unaendesha, hapo umeshaelewa. Pikipiki ikiishiwa mafuta inakuaga: inakohoa, inavuta, inakata, inavuta tena. Inayozima kama taa imepoteza umeme.

"Nililitikisa tangi," mzee akaendelea. "Nikasikia mafuta. Nikawaambia. Nani amsikilize mlevi? Maana nilikuwa nimekunywa, mpwa wangu, nisikudanganye. Bakuli mbili. Baadaye nikaanza kujiuliza, labda kweli sikusikia vizuri. Labda nilibonyeza kitu. Miaka inakwenda, mwisho unawaamini wao."

Dogo akamwekea kile kipande cha waya kiganjani. Mzee hakuweza kukiona vizuri, akakipapasa kwa kidole gumba mpaka akafika pale palipokatika. Akabaki amekishika.

Kwa mama

Hapa ndo pagumu, na wewe jiulize ungefanyaje. Waya haumrudishi mtoto. Na maza alikuwa ameshaijenga maisha yake juu ya ile hasira, kila siku anauza vitumbua karibu na geti la hospitali ile ile. Ukimnyang'anya hasira, unampa nini?

Dogo alimwambia hivyo hivyo, bila kuzungusha. Mstari wa tangi. Waya. Kibanio.

Mama akauliza kitu kimoja. "Na pombe?"

"Alikuwa amekunywa, mama. Amekiri mwenyewe. Lakini mafuta yalikuwepo."

Vitumbua vikaungua kwenye kikaango, hakuna aliyevigeuza.

Hakulia, hakusema samahani. Usiku ule alipakua ugali na mboga ya majani ya kunde, akafunika sahani, mdogo wa mwisho akanyoosha mikono kuipokea kama kawaida. Mama akampita. Akavuka njia mwenyewe, taratibu, kama anavuka mto. Watoto wote dirishani.

"Kaka," akasema mlangoni. "Chakula."

Basi. Aliingia, akakaa humo mpaka taa za mtaa mzima zikazimwa. Walichoongea hakuna anayekijua, na dogo hajauliza.

Pikipiki ilikaa wiki kadhaa bila kuingia barabarani, maana kadi ilikuwa ya kizamani, kwa jina la mjomba, namba za zamani, bima ya zama hizo. Mjomba akaenda TRA mwenyewe, kashikwa mkono na dada yake, kusaini kwamba chombo sasa ni cha mpwa wake. Bima ikakatwa, kofia mbili zikaazimwa kijiweni.

Abiria wa kwanza alikuwa mama. Alitaka kupelekwa kijijini, alikozikwa yule mtoto. Hajawahi kurudi kule toka wahame.

Mjini wakauacha nyuma na miamba yake, wakashika njia ya Newala. Kwenye kona moja yenye mikorosho dogo akahisi mikono ya mama imemkaza kiunoni. Hakuhitaji kuambiwa ni wapi. Akapunguza mwendo, akashusha gia, akidhani atataka kusimama.

"Usipunguze," mama akasema nyuma yake. "Twende."

Akaongeza mafuta. Babu akaitika, hakukohoa.

Sasa na wewe, kama kwenu kuna chuma kimelala bandani, kabla hujaita mtu wa mizani, fungua tangi umulike. Halafu umtafute aliyekiegesha, umuulize kilizima vipi. Na umsikilize mpaka mwisho, hata kama siku ile alikuwa ananuka.