Riziki ya Jioni na Haki ya Asubuhi

Walimu si haba kutoka Afrika Mashariki tunaofundisha katika nchi za Ghuba tuna kazi mbili: ile iliyoandikwa katika mkataba, na ile inayoanza baada ya Alasiri, ambayo nyumbani tunaiita tuisheni na Waarabu huiita durus khususiya. Mshahara hulipa kodi ya nyumba, chakula na nauli. Ya jioni ndiyo husomesha wadogo zetu na kuwatibu wazee. Hatuoni haya kulisema.

Sisi ni mume na mke. Tunafundisha Sharjah, katika Falme za Kiarabu, mmoja Hisabati na mwingine Baiolojia, katika shule ya binafsi inayofuata mtaala wa Cambridge. Hapa mapumziko ya wiki ni siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, tangu Januari 2022. Mgeni atadhani ni raha tupu, kumbe ndizo siku za msimu. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, wiki chache kabla ya mitihani ya IGCSE, nasi tukawa tunafundisha baada ya tarawehe, sambusa zikiacha mafuta juu ya karatasi za mitihani iliyopita. Mwaka huohuo mtihani wa Hisabati ulipata karatasi isiyoruhusu kikokotoo. Simu hazikukatika, maana watoto waliozoea kubonyeza walikuwa hawawezi kuzidisha 17 kwa 6 kichwani.

Wavulana hufundishwa na baba, wasichana na mama, mezani sebuleni, mlango ukiwa wazi. Kwa hilo hatukuhitaji mjadala mrefu.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa kificho, kwa kuwa sheria haikuruhusu mtu kufundisha kivyake bila idhini. Desemba 2023 Serikali ikatangaza kibali cha mwalimu binafsi: ni cha miaka miwili, hakina ada, na mwombaji husaini kanuni za maadili. Aliyeajiriwa shuleni huleta pia barua ya mwajiri kwamba hana pingamizi. Wapo wenzetu ambao bado hujificha, kwa hoja kwamba fedha ya jasho ni halali. Jasho ni lao, kweli, lakini na mkataba ni wao, na Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi. Aliyeingia nchi ya watu kwa viza ya kazi ameingia kwa ahadi.

Hata hivyo, kibali hakikumaliza neno. Baba mmoja, mtu wa heshima ambaye tunasali naye msikiti mmoja, alitujia akitaka mwanawe afundishwe Hisabati jioni. Kijana huyo alikuwa katika darasa letu la asubuhi. Baba akaahidi kulipa mara mbili ya tunachotoza, na katika mwezi huo tulikuwa tukidaiwa ada ya mdogo wetu aliye chuoni Tanga. Tulikesha tukilizungumza.

Mwalimu anayelipwa jioni kwa mtoto anayemfundisha asubuhi ana faida katika kila asichokieleza asubuhi. Hahitaji kukusudia. Atachoka mapema kidogo, ataruka mfano mmoja, atasema "hili tutalirudia," na watakaolirudia ni wale ambao wazazi wao wana dirhamu. Tena yeye ndiye anayesahihisha majaribio ya darasani. Mzazi aliyelipa ataona alama zimepanda na kushukuru. Asiyelipa ataona za mwanawe zimebaki palepale, naye atakuwa na haki ya kutushuku hata kama kalamu yetu haikupinda. Mshahara wa asubuhi ni kwa ajili ya watoto wote 26, na kila mmoja wao ana fungu katika pumzi yetu.

Tukamjibu yule baba kwamba hatuchukui watoto wa shule yetu, na tukamtajia mwalimu mwingine mwenye kibali. Hakupendezwa. Alituuliza kama mtoto wake ana kasoro gani. Ada ya Tanga tukailipa kwa awamu, na mama yetu akauza mbuzi wawili ili kuziba pengo. Lilituuma, kwa sababu hakutuambia mpaka walipokwisha kuuzwa.

Tuliongeza jambo moja: kila Jumanne, katika mapumziko ya pili, chumba cha Hisabati hubaki wazi kwa yeyote mwenye swali, bila malipo. Wiki ya kwanza walikuja wanne. Yule kijana alikuja wiki ya tatu, akakaa nyuma.

Sasa binti yetu ameingia darasa la mtihani na Fizikia inamlemea. Anasoma shule nyingine, na mwalimu wake wa Fizikia ni hodari, tena mpole. Juzi alitupigia simu mwenyewe: atamfundisha nyumbani kila Jumamosi, kwa bei nafuu kuliko wote tuliowauliza. Binti anamtaka huyo huyo na haelewi tunasita nini. Tumemwomba mwalimu huyo atupe muda mpaka Jumapili.